Homa ya Bonde la Ufa: wingi wa makala si kipimo cha ugonjwa

Asubuhi moja, kwenye machinjio madogo pembezoni mwa Jiji la Dodoma, nilimkuta kijana akitoa maini ya mbuzi kwa mikono mitupu, kidole gumba kimefungwa kitambaa kilicholowa damu. Nilipomtajia Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa kirusi wa mifugo unaowapata pia watu, alinijibu, "Ile ilikuwa ya 2007, kaka. Ilishaisha." Jibu kama hilo nimelisikia hata kwa watu wa vyuoni. Zipo na dhana nyingine potofu, nami nazijibu hapa moja baada ya nyingine.

"Ni ugonjwa mpya." Hapana. Ulichunguzwa kwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1930, na watafiti Daubney, Hudson na Garnham wakachapisha maelezo yake mwaka 1931.

"Makala za utafiti zikiwa chache, ugonjwa haupo." Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi, kwa sababu inafanana na ukweli. Waandishi wa sayansi hufuata taharuki, na fedha za utafiti vilevile. Misri ilipovamiwa na ugonjwa huu mwaka 1977, Saudi Arabia na Yemen mwaka 2000, kisha Afrika Mashariki mwaka 2006 na 2007, kila mara tafiti zilifuata nyuma ya vilio. Nazo huchelewa. Taarifa kuu ya kitaalamu kuhusu wagonjwa wa Tanzania wa mwaka 2007, ambao Dodoma iliongoza kuwa nao, ilichapishwa mwaka 2010. Anayehesabu makala kwa mwaka ataudhani 2010 kuwa ndio mwaka wa balaa, wakati wafiwa wa Dodoma walikuwa wameshamaliza matanga siku nyingi.

Kirusi chenyewe hakisubiri jarida. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo wa mbuga, yale mabonde yanayotuama maji masika yakikolea. Mayai hustahimili ukame kwa miaka, na mengine huwa tayari yamebeba kirusi kutoka kwa mama. Mvua kubwa ikija, kama ile ya El Niño ya mwishoni mwa 2006, mbuga hufurika na mayai huanguliwa kwa pamoja. Kongwa au Bahi, wilaya za Dodoma, ikiwa kavu, vumbi tupu, usidhani ardhi imesahau.

"Huenezwa na mbu, basi chandarua kinatosha." Kwa mifugo, mbu ndiye mkosaji mkuu. Kwa binadamu, wengi huambukizwa kwa kugusa damu, viungo au majimaji ya mnyama mgonjwa: wakati wa kuchinja, kuchuna, kuzalisha, au kuokota kilichotoka mbuzi anapotupa mimba. Mimba zikitupwa kwa mfululizo zizini, hiyo ndiyo ishara ya kumwita daktari wa mifugo. Kile kidonda cha gumba la yule kijana kilikuwa mlango ulio wazi. Nyama iliyoiva vizuri haina neno; hatari iko kabla haijaiva.

"Ukiupata, nusu kwa nusu unakufa." Dhana hii imetoka kwenye makala za kweli zilizosomwa vibaya. Mwaka 2007 Tanzania ilirekodi wagonjwa takriban 300, na zaidi ya 100 kati yao walifariki. Lakini hao ni waliofika hospitali, wengi wakiwa hoi. Walio wengi hupata homa na maumivu ya viungo, wanapona bila hata kupimwa, na hawaingii kwenye hesabu yoyote. Ukiwajumuisha wote, wanaofariki ni chini ya mmoja katika kila 100. Sisemi hivyo ili mtu alegee: wapo wanaotoka damu, wapo wanaovimba ubongo, na wapo wanaobaki na upofu.

"Kwa tafiti zote hizo, dawa lazima ipo." Haipo dawa mahususi, na hakuna chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Mgonjwa husaidiwa kwa kutuliza dalili.

Chanjo iliyopo ni ya mifugo, na muda wake ni kabla ya mbuga kujaa maji. Mlipuko ukishaanza, sindano moja ikipitishwa kwa ng'ombe kumi zizini, hubeba kirusi kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na mfugaji akabaki akiilaumu chanjo.