1,208,333: Nambari ya watu wa Mombasa na vigawo vyake

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Nambari ndefu kama hii hunakiliwa mara nyingi, na tarakimu hukosewa. Unaweza kuikagua kwa kalamu na karatasi tu.

Anza na tisa, yaani baki la kugawa kwa 9. Jumlisha tarakimu za kila kaunti ndogo ya Mombasa hadi ibaki moja; baki za kaunti ndogo zikijumlishwa lazima zioane na baki la jumla ya kaunti. Changamwe ni 131,882: 1+3+1+8+8+2 ni 23, kisha 2+3 ni 5. Vivyo hivyo Jomvu (163,415) hutoa 2, Kisauni (291,930) 6, Likoni (250,358) 5, Mvita (154,171) 1, na Nyali (216,577) 1. Jumla yake ni 20, yaani 2. Tarakimu za 1,208,333 nazo hujumlika kuwa 20, yaani 2. Zimeoana. Zisingeoana, kosa lingekuwapo bila shaka. Zikioana, usiape bado.

Hii ni kwa sababu mizani ya tisa haijali tarakimu imekaa wapi. Mtu akiandika 1,280,333 amezidisha watu 72,000, lakini 72,000 hugawika kwa 9, hivyo kosa linapita kimya. Hapo tumia kumi na moja, yaani baki la kugawa kwa 11: ukitoka kulia, toa na kujumlisha kwa zamu. 3−3+3−8+0−2+1 ni −6. Ongeza 11, baki ni 5. Ile iliyopinduliwa hubakisha 10, ikanaswa. Kumi na moja hunasa kila mpinduko wa tarakimu mbili jirani zisizolingana. Zisipokuwa jirani, mambo huweza kugeuka: badilishanisha 2 na 8 upate 1,802,333, na mizani zote mbili zitaipitisha.

Iliyobaki ni saba. Kata nambari mafungu ya tarakimu tatu tatu, kisha toa na kujumlisha kwa zamu vilevile: 333−208+1 ni 126, yaani 7×18. Basi nambari sahihi hugawika kwa 7. Ile ya uongo hutoa 333−802+1, yaani −468, isiyogawika kwa 7. Siri yake ni kwamba 7×11×13 ni 1,001, kwa hiyo hesabu hiyo moja hupima vigawo vitatu kwa mpigo: 126 haigawiki kwa 11 wala 13, na nambari yetu pia haigawiki.

Ukigawa kwa 7 unapata 172,619. Je, hii nayo inavunjika? Kipeuo chake cha pili ni 415 na ushei, kwa hiyo inatosha kujaribu nambari tasa (zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe) zisizozidi 409, ambazo ni 80. Hakuna hata moja inayoigawa. 172,619 ni tasa. Jihadharini na 137: 137×1,260 ni 172,620, imezidi kwa moja tu. Kikokotoo kilichowekwa desimali moja kitaonyesha 1260.0, na mwenye haraka atasema imegawika. Dawa ni kuzidisha tena kurudi nyuma.

Basi watu 1,208,333 hawapangiki kwa makundi sawa ila makundi 7, au makundi 172,619 ya watu saba saba. Kaunti ndogo sita haziwezi kugawana sawa. Angeongezeka mtoto mmoja tu, 1,208,334 ingegawika kwa sita, 201,389 kila moja, na ile saba ingetoweka.