Sambaza hakuzaliwa Kivu

Juzi sokoni Kadutu, hapa Bukavu, nilimuuliza mama mmoja anayepima sambaza kwa kikombe kama anajua samaki hao walitoka wapi. Akaniangalia kwa huruma: "Papa, hii ni samaki ya bankambo betu."

Hapana. Wazee wetu hawakumjua. Kati ya 1958 na 1960, wakati wa Wabelgiji, vifaranga vya aina mbili za ndagala, yaani dagaa, vilitolewa ziwa Tanganyika vikamwagwa ziwa Kivu. Aina moja ikapotea. Ya pili, ambayo wataalamu huiita Limnothrissa miodon, ikashika makao, nayo ndiyo sambaza. Nia ilikuwa njema: samaki wa Kivu walikaa mwambaoni, huku katikati hakuna aliyekula kilichoelea.

Samaki hakuwapo, kweli, lakini dafnia alikuwapo. Huyu ni kidudu wa majini, jamaa wa mbali wa kaa, mdogo kama chembe ya chumvi, anayechuja maji mchana kutwa akila mwani. Sambaza huwinda kwa macho, kwa hiyo aliye mkubwa na mzito wa kukimbia huliwa kwanza. Dafnia mkubwa wa Kivu alimalizwa. Mimi huvuta wavu wangu wa matundu madogo mno, namimina kilichobaki kwenye kichupa, naweka tone chini ya hadubini: kopepodi, kopepodi tena, wale vidudu wengine wadogo wa majini wanaoruka ghafla wakiguswa. Dafnia yule sijamwona hata mmoja.

Tope la chini nalo limeweka kumbukumbu. Ukizamisha bomba likajaa tope, kisha ukalipasua, unakuta tope jeusi, kisha, kuanzia miaka ya 1960, tabaka nyeupe za chokaa. Huenda mwani uliokosa dafnia wa kuula uliongezeka, ukafanya chokaa itunge majini na kuzama; lakini sambaza ni mmoja tu wa washukiwa. Mbolea na uchafu unaoteremka kutoka mashambani na mijini vimo pia, na chemchemi za chini ya ziwa. Kila nikilipasua bomba hilo mwili hunisisimka. Weupe ule una umri wa baba yangu.

Maziwa ya juu katika milima ya Sierra Nevada, Marekani, yalipatwa na jambo hilohilo. Hayakuwa na samaki, watu wakapandisha trauti, vidudu wakubwa na vyura wakatoweka. Huko trauti wameondolewa kwa nyavu katika baadhi ya maziwa, na vyura wakarudi. Kivu lina kina cha mita 485 na miji mikubwa miwili, Bukavu na Goma, inayokula sambaza kila siku. Hatutamwondoa, wala nisingependa aondolewe: watoto wengi wa Bukavu wamekua kwa samaki huyu.

Kinachonikosesha usingizi ni mgeni anayefuata. Katika miaka ya 2000 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, alianza kuonekana nyavuni, naye anakula chakula kilekile cha sambaza. Ndugu zangu mnaopanda kutoka Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, leteni ndagala mkavu mnavyotaka. Ndoo ya samaki hai, tafadhali, iacheni hukohuko.