Changarawe iliyokomaa ni nini?

Wafugaji wengi wapya wa samaki wa mapambo hapa Kigoma huanza hivi: ziwa liko hapo chini, basi mtu anachota maji Bangwe, anachota na changarawe ya ufukweni, anamwaga kwenye tangi la kioo na kuingiza samaki siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache samaki wanahema juu ya maji, kisha wanakufa mmoja mmoja. Maji bado ni maangavu, kwa hiyo lawama zinamwangukia aliyewauza.

Kinachoua ni amonia. Samaki huitoa hasa kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Ziwani humezwa na wingi wa maji. Ndani ya lita 60 haina pa kwenda. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huzuia damu kubeba oksijeni. Kundi jingine, Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Tatizo ni kwamba bakteria hawa huzaana polepole mno. Tangi jipya kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6 kuwapata wa kutosha.

Changarawe iliyokomaa ni ile iliyokaa miezi kadhaa kwenye tangi lenye samaki, ikavaa utando wa bakteria hao. Unaichukua, unaitia kwenye tangi jipya, nao wanaenea, kama mgando wa jana unavyogandisha maziwa ya leo. Wanaishi juu ya mawe na kwenye sifongo ya chujio, kwa hiyo kuomba ndoo ya maji ya tangi la jirani ni kujichosha bure. Na changarawe ya ufukweni iliyokauka juani? Mawe tu.

Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika jambo hili lina uzito zaidi. Maji ya ziwa letu yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) inayokaribia 9. Kwenye maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. pH ikiwa 9, inapita theluthi. Uchafu ule ule ambao samaki wa maji yenye pH 7 wangeuvumilia, Tropheus wako, samaki wa ziwa hili, hawauwezi.

Ihamishe changarawe iliyokomaa ikiwa mbichi, ndani ya maji ya tangi ilikotoka, bila kuichelewesha njiani. Usiisuuze kwa maji ya bomba, maana klorini itaua kile kile ulichokifuata. Ifunge kwenye kipande cha chandarua kisicho na dawa, uiweke maji ya chujio yanapopita, kwa sababu bakteria hawa wanahitaji oksijeni. Ingiza samaki wachache siku hiyo hiyo. Bila amonia bakteria watakufa njaa. Usimkombee mwenye tangi changarawe yake yote, la sivyo lake ndilo litakaloharibika.

Kabla ya hayo yote, tazama samaki wake. Madoa meupe mwilini, au vifo vya karibuni, vinatosha kukataa changarawe hata ukipewa bure, kwani vimelea husafiri nayo. Konokono wadogo pia, ingawa hao ni kero tu.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, mimi ningeomba kipande cha sifongo ya chujio kuliko changarawe: bakteria wamejaa humo zaidi. Vyovyote vile, pima maji. Amonia na nitriti zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, ongeza samaki wengine.