Je, wajua kwa nini nobu inayojizungusha hukwaruza sauti?

Fungua programu yoyote ya muziki inayojengwa kwa moduli, yaani vipande vidogo vya kutoa au kubadilisha sauti vinavyounganishwa pamoja, chora mstari unaopanda polepole ili nobu ya filta, kile kitufe cha kuzungusha kinachoamua masafa gani ya sauti yapite, ijifungue yenyewe, kisha vaa hedifoni usikilize. Siku nyingine sauti hufunguka laini kabisa. Siku nyingine kuna mkwaruzo mwembamba chini yake, trrrrr, kama mtu anafunga zipu ya begi. Mafundi wa sauti wameupa jina hilohilo: kelele ya zipu. Mkwaruzo huo hutoka wapi, ilhali mstari uliouchora hauna hata kona moja?

Wengi huisingizia kompyuta kwamba imezidiwa. Mara nyingi kompyuta haina kosa. Macho yako yameona nobu ikizunguka, lakini ndani ya programu haikuzunguka. Iliruka, ikasimama, ikaruka tena.

Nobu ya kwenye skrini ni mchoro tu. Nyuma yake kuna namba moja, na moduli huisoma namba hiyo ili ijue filta ifunguke kiasi gani au sauti iwe kubwa kiasi gani. Tunaposema nobu inajiendesha, maana yake kazi ya kuibadilisha namba hiyo imekabidhiwa kitu kingine: mstari uliochorwa kwenye ratiba ya wimbo, LFO ambayo ni kitoa mawimbi ya polepole mno kusikika, au kifaa cha nje kinachotuma ujumbe wa MIDI, lugha ambayo vifaa vya muziki huzungumza. Yanabaki maswali mawili. Namba hiyo inabadilishwa mara ngapi kwa sekunde? Na kila badiliko ni hatua ya ukubwa gani?

Katika sinthesaiza, yaani ala za kuunda sauti kwa umeme, za moduli za miaka ya 1960, kama zile za Robert Moog na Don Buchla, mambo hayo hayakumsumbua mtu. Moduli moja iliiendesha nyingine kwa umeme uliopita kwenye waya. Katika mfumo wa Moog, ukiongeza volti 1 noti inapanda oktava 1, yaani masafa yake yanakuwa maradufu. Umeme ukitoka volti 2 kwenda volti 3 hupita kila mahali katikati, hauna ngazi.

Kompyuta ina ngazi. Sauti yenyewe, kwa kiwango cha CD, huhesabiwa mara 44,100 kila sekunde, na vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa sampuli. Kuhesabu nobu zote kwa kasi hiyohiyo ni kazi kubwa, kwa hiyo programu nyingi huzisoma mara chache zaidi. Pure Data, programu aliyoitunga Miller Puckette katika miaka ya 1990, kwa kawaida huchakata sauti kwa mafungu ya sampuli 64, yaani kama mafungu 689 kwa sekunde. Ujumbe wa kawaida wa kubadilisha namba hushughulikiwa kati ya fungu na fungu. Humo kuna kisanduku kiitwacho line, kazi yake ni kuipeleka namba kutoka hapa hadi pale kwa muda unaoutaka, na usipokiambia vinginevyo hutoa namba mpya kila baada ya milisekunde 20. Hizo ni ngazi 50 tu kwa sekunde. Pembeni yake kuna ndugu yake, line~, mwenye alama ya wimbi mwisho wa jina, naye hupiga hatua katika kila sampuli. Wanaoanza huwachanganya hawa wawili, kisha hutafuta kosa kwenye spika.

Lakini kwa nini mruko usikike kama mkwaruzo, na si kama sauti iliyobadilika ghafla tu? Fikiria ngozi ya spika ikiwa imesukumwa mbele kabisa na noti ya besi. Dakika hiyohiyo namba ya ukubwa wa sauti inashuka ngazi moja. Spika inaamriwa irudi nyuma papo hapo, bila kupita katikati. Kona kali namna hiyo kwenye wimbi haina noti yake moja. Imebeba masafa mengi kwa pamoja, yakiwemo ya juu sana ambayo besi yenyewe haina. Sikio linasikia "tik". Zikija tik 50 kwa sekunde huzihesabu tena, unasikia zipu. Zikija kwa mpangilio ulio sawa, kwa mfano 689 kwa sekunde, zinaanza kuwa mlio wenye noti yake, na noti hiyo haijali wimbo wako uko kwenye ufunguo gani.

Ndiyo maana besi tupu, au filimbi laini, huumbuka upesi, huku matoazi na ngoma zenye kelele nyingi zikiuficha mkwaruzo uleule.

Sasa ukubwa wa hatua. Ujumbe wa kawaida wa MIDI, mfumo ulioingia sokoni mwaka 1983, hubeba thamani ya nobu kuanzia 0 hadi 127. Ngazi 128 zinaonekana kuwa nyingi mpaka upige hesabu. Filta inayotembea kutoka Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) hadi Hz 20,000 inavuka karibu oktava 10, na kila oktava ina nusutoni 12, zile hatua za kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata. Jumla ni nusutoni 120 hivi zilizogawanywa kwa hatua 127. Kwa hiyo kila hatua ya nobu inakaribia nusutoni nzima! Filta ikikazwa kwenye ncha yake mpaka ipige mluzi, hutasikia mteremko. Utasikia mtu anashuka ngazi za kinanda. MIDI hiyohiyo inaruhusu kuunganisha ujumbe mbili ili kupata ngazi 16,384, na hapo kila hatua inakuwa chini ya sehemu moja ya mia ya nusutoni. Vifaa vingi, hata hivyo, vinaendelea kutuma zile 128.

Dawa yake ni kulainisha. Programu ikipokea namba mpya haiirukii. Katika kila sampuli inasogea sehemu ndogo ya umbali uliobaki. Mwanzoni inakwenda haraka, ikikaribia inapunguza mwendo. Milisekunde 5 hadi 20 mara nyingi zinatosha kuua zipu bila msikilizaji kuhisi kuchelewa. Njia nyingine ni ile ya VCV Rack, programu ya Andrew Belt iliyotoka mwaka 2017: kila waya kati ya moduli hubeba namba mpya katika kila sampuli, kama volti za enzi zile, na kompyuta inalipia gharama hiyo kwa jasho.

Hata hivyo, mimi siamini katika kulainisha kila kitu. Nobu ya sauti inayoupa mdundo wa ngoma ukali wake ikilainishwa kwa milisekunde 50, mdundo unakuwa kama umefunikwa blanketi. Nobu ya kuchagua umbo la wimbi ndiyo usiiguse kabisa: ukitoka umbo la 1 kwenda la 4 kwa ulaini, njiani utapita la 2 na la 3 ambayo hukuyaomba. Kwa hiyo nadhani programu inawakosea haki watumiaji wake isipowaambia ni nobu ipi imelainishwa na kwa muda gani.

Halafu kuna nobu ya muda wa mwangwi, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Moduli ya mwangwi huandika sauti kwenye kumbukumbu na kuisoma tena baada ya muda fulani. Ukiubadilisha muda huo kwa mruko, msomaji anahama ukurasa ghafla, na unapata tik. Ukiulainisha, tik inatoweka lakini linazaliwa jambo jingine. Ili muda upungue, msomaji lazima asome haraka kuliko mwandishi anavyoandika, na sauti inayosomwa haraka hupanda noti. Muda ukiongezeka, sauti inashuka, kama kanda inayopunguza mwendo. Asiyetaka noti ziyumbe huweka wasomaji wawili, mmoja mahali pa zamani na mwingine mahali papya, kisha anafifisha wa kwanza huku akimpandisha wa pili.

Ukitaka kuyasikia haya mwenyewe, weka noti moja ya Hz 60, wimbi laini la sini, bila kitu kingine. Iache LFO ipandishe na kushusha ukubwa wa sauti yake mara moja kwa sekunde. Kama kuna ngazi, utazisikia kabla mzunguko wa kwanza haujaisha.