Mnanunua Wati, Vumbi Linabaki Palepale

Nimetumiwa tena. Safari hii ni picha mbili za maboksi ya vakyumu, zile mashine za kufyonza vumbi, kwa WhatsApp: moja limeandikwa 2400W kwa herufi nyekundu kubwa kuliko jina la mashine yenyewe, jingine 750W kwa maandishi ya kuchungulia. Chini yake: "Fundi, hii ya 2400 si ndiyo yenye nguvu? Hii nyingine naona ya kuchezea watoto." Nikajibu kwa ustaarabu. Lakini swali hilihili nimeshalijibu mezani kwangu, msikitini, harusini na kwenye daladala. Leo naliandika lote, na atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Wati zilizo kwenye boksi la vakyumu ni umeme ambao mashine inakula. Hazisemi inavuta kiasi gani. Kuchagua kwa wati ni sawa na kumchagua mpishi wa shughuli kwa kuuliza anamaliza magunia mangapi ya mkaa. Mashine ya wati 2,400 ukiiwasha nusu saa imekula uniti 1.2 za LUKU. Hilo ndilo pekee unalohakikishiwa na namba ile, na hata hilo ni pale ambapo boksi limesema kweli. Sehemu kubwa ya umeme ule inageuka joto na kelele. Mota na feni nzuri zikikurudishia theluthi yake kama kazi ya hewa, ushukuru. Mashine nyingi za wati 2,000 ukisoma maandishi madogo ubavuni utakuta wati 300 na kitu za kazi ya kuvuta hewa. Zilizobaki zimekupashia joto sebule, kana kwamba Dar haina la kutosha.

Umoja wa Ulaya ulipochoshwa na mashindano haya uliweka kikomo. Kuanzia Septemba 2014 vakyumu mpya ya nyumbani ilitakiwa iwe chini ya wati 1,600, na kuanzia Septemba 2017 chini ya wati 900. Uingereza watu walikimbilia madukani kuwahi zile kubwa za mwisho. Kilichofuata? Watengenezaji walirekebisha feni, wakaziba mianya inayovujisha hewa, wakaunda upya midomo ya kufagilia, na mazulia ya Ulaya yakaendelea kusafishwa kama kawaida. Huku kwetu zile za wati 2,000 kwenda juu zinaendelea kuuzwa, tena kwa majigambo.

Sasa tuje kwenye nguvu yenyewe. Ina namba mbili, na hazitengani. Ya kwanza ni mvuto, unaopimwa kwa kilopaskali: mashine inavuta kwa ukali gani ukiuziba kabisa mpira wake, lile bomba la kufyonzea. Ya pili ni upepo: lita ngapi za hewa zinapita kwa sekunde mpira ukiwa wazi. Mvuto ndio unaoipitisha hewa kwa nguvu katikati ya nyuzi za zulia, upepo ndio unaoubeba mchanga mpaka kwenye mfuko wa vumbi. Ukiziba mpira, mvuto uko juu kabisa lakini hakuna hewa inayopita, kazi ni sifuri. Ukiuacha wazi, upepo uko juu lakini mvuto umekufa, sifuri tena. Kazi iko katikati, pale ambapo una karibu nusu ya mvuto na nusu ya upepo. Kwa hiyo mashine ya kilopaskali 24 na lita 35 kwa sekunde, zidisha kisha ugawe kwa nne: wati 210 za hewa. Ni kadirio, lakini linakutosha kulinganisha maboksi mawili. Boksi linalotaja namba moja tu kati ya hizo limekunyima nusu ya hesabu.

Na hapa ndipo damu inaponichemka, kwa sababu ya ule mchezo wa dukani. Muuzaji anachomeka kisahani kipana mwishoni mwa mpira, anakibandika kwenye ubao au tofali, anawasha, kitu kinanyanyuka, wateja wanaguna "mmh!" na pochi zinafunguka. Jamani. Mpira ukiwa na tundu la sentimita 4, mvuto wa kilopaskali 20 unanyanyua kilo mbili na nusu tu. Mvuto uleule, mashine ileile, ukiweka kisahani cha upana wa sentimita 15 unanyanyua zaidi ya kilo 35. Hakuna kilichoongezeka isipokuwa upana wa kisahani. Hata mashine dhaifu ya kilopaskali 8 inanyanyua kilo 14 kwa kisahani hicho. Tena hapo mpira umezibwa, yaani umeonyeshwa mashine katika hali ambayo haiwezi kuvuta hata chembe moja ya vumbi. Mwambie muuzaji aweke tofali chini, amwage konzi ya mchanga kwenye zulia, aukanyage uingie ndani, ndipo awashe. Atakuambia leo zulia halipo.

La pili linalonikera ni sauti. Mpira ukiziba, mashine inapandisha sauti, inalia kwa wembamba, na mwenyewe anasema kwa fahari, "sikia inavyojitahidi." Haijitahidi. Feni imekosa hewa ya kusukuma, imepungukiwa mzigo, kwa hiyo mota inakimbia ovyo. Weka kipima umeme hapo ukutani utaona wati zimeshuka. Na vakyumu nyingi za vumbi kavu zinapoza mota kwa hewa ileile inayotoka kwenye mpira. Hewa ikikatika, joto linapanda. Nzuri zina swichi ya joto inayozima mashine yenyewe. Rahisi zinaendelea mpaka harufu ya kuungua. Wanaileta kwangu wakisema "kaboni zimekwisha", nafungua nakuta kaboni nzima, komyuteta (ile pete ya shaba ya mota inayosuguana na kaboni) imebabuka na filta haipitishi hata pumzi. Vakyumu yenye afya, ukiuziba mpira kwa kiganja, sauti inabadilika waziwazi. Kama haibadiliki, ama inavuja mahali ama imeshaziba kwingine.

Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa ni hili: ikishavuta vumbi la wiki mbili, inabaki na nguvu kiasi gani? Hata Ulaya walijikwaa hapo. Lebo yao ya nishati ya vakyumu ilitokana na vipimo vya mashine tupu, isiyo na vumbi ndani. Dyson, kampuni ya Uingereza inayotengeneza vakyumu, wakaishitaki Tume ya Ulaya, na Novemba 2018 mahakama ikaifuta lebo. Mimi kwa jambo hili naangalia filta kwa macho. Filta pana yenye mikunjo mingi inachelewa kuziba. Kijisifongo cha ukubwa wa kadi ya benki kinaziba Jumamosi ya kwanza.

Filta zenye alama ya H13, daraja la zile za vumbi laini sana, zinazuia asilimia 99.95 ya chembe za ule ukubwa unaopenya kirahisi kuliko zote. Vizuri sana. Ila hewa haisomi lebo, inapita penye upenyo. Kama mfuniko haukazi au ukingo hauna raba, vumbi laini linaizunguka filta na kurudi sebuleni. Zima taa usiku, washa vakyumu juu ya zulia chafu, mulika tochi pale hewa inapotokea. Utaona mwenyewe. Wenye pumu wananiuliza kama H13 itawasaidia, na hapo huwa siahidi. Kuvakyumu kwenyewe kunatifua vumbi, basi naishia kuwaambia afanye mtu mwingine, madirisha yawe wazi, mgonjwa akae nje kwanza.

Sakafu. Nyumba nyingi za mjini sasa ni vigae, na kwenye vigae ufagio na dekio havijashindwa. Kama huna zulia kubwa wala sofa za kitambaa, mashine nyepesi ya wati 600 hadi 900 yenye brashi laini inakutosha, hizo nyingine unabeba mzigo. Kwenye zulia nene mambo yanageuka: hapo brashi inayozunguka inafanya kazi kubwa kuliko tofauti yoyote ya mota mliyoisoma kwenye boksi. Lakini angalia inazungushwa na nini. Zipo zinazozungushwa na upepo wa vakyumu yenyewe, maana yake inakuibia upepo uliokuwa unauhitaji, na ikikutana na zulia la manyoya marefu inasimama. Yenye mota yake ndogo kichwani ndiyo ya kununua, japo ina waya mmoja zaidi wa kukatika. Mkeka wa ukindu usiupitishie brashi hiyo kabisa.

Mfuko au bila mfuko? Hapa nayumba. Kwa usafi mfuko unashinda: unautoa, unautupa, hukohoi. Zile za kimbunga, yaani zisizo na mfuko, zinazoizungusha hewa kwa kasi, ambazo James Dyson aliziingiza nyumbani kwa kishindo mwaka 1993 na mashine yake ya DC01, zinatenga vumbi vizuri, ila bado zina filta nyuma yake na bado inataka kuoshwa. Tatizo la mfuko ni kuupata. Nimeletewa mfuko wa karatasi uliofuliwa ukaanikwa kambani. Kabla hujalipia mashine ya mfuko, muulize muuzaji akuonyeshe mifuko ya akiba, si akuambie "inakuja". Akikosa, chukua ya kimbunga na ununue filta mbili, maana Pwani wakati wa masika filta iliyooshwa inaweza kukaa siku mbili haijakauka, na kuirudisha mbichi ni kuipeleka mota unyevu na sebule harufu.

Za betri nitasema haraka. Betri ya volti 25.2 na ampea-saa 2.5 imebeba wati-saa 63. Boksi linasema "wati 500" na linasema "dakika 60". Gawanya: kwa wati 500 betri hiyo inakwisha chini ya dakika nane, na ili ifike dakika 60 mashine inatakiwa itumie wati 63 tu. Namba zote mbili zinaweza kuwa kweli, ila kamwe si kwa wakati mmoja. Roboti nazo zinaandikwa kwa paskali ili namba ijae mdomoni: paskali 8,000 ni kilopaskali 8. Kwa vigae na nywele, sawa. Kwa zulia lenye mchanga, hapana.

Vakyumu kutoka kwa shemeji aliyeko Marekani: ile ni ya volti 120, na huku ukutani ni 230. Msiichomeke "kujaribu tu". Inataka transfoma ya kushusha yenye uwezo wa wati zaidi ya 1,500, na ukishanunua transfoma hiyo ya kueleweka ungekuwa umekaribia bei ya vakyumu nyingine. Zile zilizoandikwa nguvu za farasi 6.5 msizishangae sana. Nguvu moja ya farasi ni wati 746, na soketi ya kawaida ya Marekani ya ampea 15 haivuki wati 1,800, yaani farasi wawili na nusu hawatimii. Hao wengine wanne sijui wanakula wapi.

Umeme mdogo nao unadanganya watu. Jioni volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, mota inaweza kupoteza karibu theluthi ya nguvu, na mteja anasema mashine imechoka. Ijaribuni asubuhi kabla hamjaja kwangu. Na ndugu zetu wa Nairobi, mita 1,800 hivi juu ya bahari, hewa yao ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa, hivyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile inavuta pungufu kiasi hicho. Kwa vitendo mota inakimbia zaidi kidogo kwenye hewa nyepesi na kurudisha sehemu ya hasara. Ni tofauti ndogo, lakini mtu akihama Mombasa kwenda Nairobi na mashine yake asiniambie imerogwa.

Mwisho ni yale madramu ya kuoshea magari, yanayovuta maji na vumbi. Watu wanayanunulia nyumbani kwa sababu yana sura ya kazi. Mota zake zinapozwa na feni ya pembeni, kwa hiyo zinavumilia kuziba na kulowa, hilo nalikubali. Lakini ile filta ya sponji ni ya maji. Ukivuta vumbi kavu bila kuvisha filta ya kitambaa au ya karatasi, vumbi linapita moja kwa moja kwenye feni na kutoka upande wa pili. Mafundi wa jipsamu wakishaondoka, msisafishe nyumba mpya kwa vakyumu ya sebuleni: vumbi la saruji na jipsamu linaziba filta kwa dakika chache, na likiingia kwenye beringi nitakutoza bei ya mota nzima. Fagieni kwanza, kwa maji kidogo. Na majivu ya jiko la mkaa msiyavute hata yakionekana yamepoa, kwa sababu kaa dogo lililojificha ndani likipata upepo wa vakyumu linawaka upya, likiwa limezungukwa na mfuko wa karatasi.