Jina la kubandikwa si jina la ubatizo: ufafanuzi kwa waumini wa Malindi kuelekea uchaguzi wa 2027

Tangu uchaguzi mdogo wa Magarini wa Novemba 27, 2025, dawati letu la haki na amani hapa Malindi limekuwa likipokea malalamiko ya aina moja. Si ya mashamba, ambayo ndiyo tuliyoyazoea, wala si ya mirathi. Ni ya majina. Muumini anaingia na simu mkononi, anafungua kundi la WhatsApp la jumuiya au la kwaya, anaonyesha alivyoitwa, kisha anauliza: "Na hili mnalifanyia nini?"

Makala haya ni jibu kwa wote waliouliza. Ieleweke kwamba ofisi hii haina chama wala mgombea. Kila linalotajwa hapa limetajwa kwa sababu limefika mezani kwetu, na hakuna anayelengwa.

Yuko mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri karibu na stendi ya tuktuk. Amezaliwa Malindi, amebatizwa Malindi, na wanawe watatu vilevile. Baba yake alitoka bara kuja kufanya kazi hotelini. Mama huyu hajapanda jukwaa la siasa hata siku moja. Kosa lake lilikuwa kuvaa leso ya kampeni aliyogawiwa mkutanoni, akaja nayo ibadani kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kavu asubuhi hiyo. Kufikia jioni, kundi la jumuiya lilikuwa linawaka. Wa kwanza alimwita mpiga debe, wa pili akamwita msaliti. Wa tatu aliandika neno moja tu, "wakuja", yaani aliyekuja tu, si mwenyeji wa Pwani, na chini yake watu saba wakaweka kidole gumba cha kukubali. Alinisogezea simu, akaniambia: "Mwalimu, huyu wa tatu ndiye msimamizi wa ubatizo wa mwanangu wa mwisho."

Nianze na sheria, maana ndiyo tunayoulizwa zaidi. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, lakini inasema wazi kwamba uhuru huo haufiki kwenye propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala uenezaji wa chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inalifanya kuwa kosa kutumia maneno ya vitisho, matusi au dharau kwa nia ya kuchochea chuki ya kikabila, au pale ambapo, kwa hali ilivyo, chuki hiyo inaelekea kuchochewa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 62 kinahusu kuchochea dharau, uhasama au ubaguzi kwa misingi ya kabila au rangi: faini ni hiyo hiyo ya hadi milioni 1, ila kifungo kinapanda hadi miaka 5. Na tafadhali soma vizuri kifungu cha 13, kwani hakimtaji msemaji peke yake. Anayechapisha na anayesambaza wamo pia. Kwa hiyo kauli ya "mimi nilifowadi tu" tunayoisikia kila wiki haimwokoi mtu. Kufowadi ndiko kusambaza.

Sasa upande wa pili, ambao wengi hawataki kuusikia. Kuitwa "hasla" (mfuasi wa rais), "wantam" (anayetaka rais aishie muhula mmoja), "tutam" (anayemtakia miwili) au "mtu wa chama fulani" si kosa la jinai. Sheria niliyoitaja inalinda watu dhidi ya chuki ya kabila, rangi, uraia na asili. Haimlindi mtu asiudhike kwa sababu ya chama. Mmekuja wengi mkitaka tuwaandikie barua za polisi kwa maneno ya namna hiyo, na tumewaeleza, na mmerudi tena. Hakuna kesi hapo.

Neno "wakuja" liko mahali pengine kabisa. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya kuchochea chuki. Yalikuwemo "madoadoa" na "kwekwe", na kutoka kwetu Pwani "wakuja" na "wabara waende kwao". Orodha hiyo si sheria kwa yenyewe. Mahakama itatazama nani alisema, wapi, kwa nia gani na katika hali gani. Hata hivyo, mtu aliyeonywa waziwazi miaka kadhaa iliyopita atapata taabu kudai kwamba hakujua uzito wa neno.

Uzito huo sisi wa ukanda huu hatukuusoma vitabuni. Usiku wa Juni 15, 2014, Mpeketoni kule Lamu ilivamiwa, na katika mashambulizi yale na yaliyofuata siku chache baadaye watu wapatao 60 waliuawa. Al-Shabaab ilidai kuhusika. Rais wa wakati huo akasema chanzo ni mitandao ya kisiasa ya hapa nchini. Kati ya kauli hizo mbili walibaki wananchi wa kawaida, Mbajuni upande mmoja na Mkikuyu upande wa pili, kila mmoja akitazamwa kwa jina alilobandikwa kabla hajaulizwa anaitwa nani. Ndiyo maana nikimwona kijana wa kwaya akiandika "waende kwao" halafu akamalizia kwa alama ya kicheko, mimi sioni cha kuchekesha.

Ipo dhana nyingine inayojirudia: kwamba Mkristo wa kweli hana chama. Si kweli, na sijui ilitoka wapi. Ibara ya 38 inampa kila raia haki ya kuunda chama, kushiriki katika shughuli zake na kukifanyia kampeni. Maandiko nayo hayamkatazi. Luka anapoorodhesha mitume, katika mstari mmoja wa sura ya 6 anawaweka Mathayo na Simoni aitwaye Zelote. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, mtu aliyekula mkate wake kwenye mfumo wa Warumi. Zelote ni jina la watu waliotaka Mrumi aondoke. Bwana hakumtaka Simoni alifute jina lile, nalo limebaki limeandikwa hadi leo. Alichofanya ni kuwaketisha wote wawili penye mkate mmoja.

Kinyume chake kipo pia, nacho ndicho kibaya zaidi: kudai kwamba chama fulani ndicho cha Wakristo. Ibara ya 91 inakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Katiba imelimaliza hilo. Lakini Paulo alilishughulikia mapema zaidi na kwa kina zaidi, na ningeomba kila kiongozi wa jumuiya afungue 1 Wakorintho sura ya 1 aisome polepole. Waumini wa Korintho walikuwa wamegawanyika: huyu ni wa Paulo, yule ni wa Apolo, mwingine ni wa Kefa. Wengi wetu husoma mpaka hapo. Endelea kidogo. Kundi la nne lilisema "mimi ni wa Kristo", na Paulo akaliweka katika orodha ile ile ya mafarakano, kisha akauliza kama Kristo amegawanyika. Jina takatifu kuliko yote lilikuwa limegeuzwa kuwa la kambi, la kumpigia mwenzako. Muumini anayeandika "sisi watu wa Mungu tunapigia fulani" anasimama katika foleni hiyo ya nne.

Tena tazama mstari wa 11. Paulo hakuandika kwa tetesi. Anasema aliarifiwa na watu wa nyumbani mwa Kloe, akataja chanzo hadharani. Kwa sisi tunaopokea malalamiko kila siku, mstari huo una thamani kubwa, maana nusu ya yanayotufikia huanza na "watu wanasema", na mtu hataki kuwataja watu hao.

Bwana mwenyewe alibandikwa jina. Katika Yohana sura ya 8 wabishi wake walimwambia kwamba yeye ni Msamaria na kwamba ana pepo. Msamaria lilikuwa jina la kumtoa mtu katika jamii, jina la "si wetu huyu". Angalia anavyojibu. Anakana pepo. Usamaria haukani. Alikuwa Myahudi wa Nazareti na kila mtu alijua, ila hakutaka kujitetea kwa kuwatupa Wasamaria chini. Mama yule wa mahamri, alipoitwa wakuja, wenzake waliomtetea kundini waliandika: "Acheni, huyu si wa bara, amezaliwa hapa." Walikuwa na nia njema. Lakini utetezi huo ulimwacha nje jirani yake wa mtaa wetu wa Kisumu Ndogo aliyehamia Malindi miaka miwili tu iliyopita, kana kwamba yeye ni halali kutukanwa.

Kwa waliokuwa watoto mwaka 2005, kura ya maamuzi ya katiba ilitugawa kuwa watu wa ndizi, alama ya Ndiyo, na watu wa chungwa, alama ya La. Matunda! Kabla ya hapo walikuwepo watu wa chama cha KADU na watu wa chama cha KANU. KADU ya Ronald Ngala, mwana wa Kilifi hii hii, ilianzishwa 1960 na ikavunjwa 1964 viongozi wake wakajiunga na KANU. Baada ya salamu za Machi 2018 kati ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga tukawa na Kieleweke, waliounga mkono salamu hizo, na Tangatanga, waliomfuata William Ruto. Majina haya yote yamepita. Waliokosana kwa ajili yake, wengine hawajasalimiana mpaka leo.

Wakazi wa Malindi wanaijua Nguzo ya Vasco da Gama pale juu ya mwamba. Wanafunzi hupelekwa, wanapiga picha, wanarudi. Mreno yule alifika 1498, na msalaba wa jiwe ulioko juu ya nguzo ulitoka Ureno, ukiwa na nembo ya ufalme wa Ureno. Huwa nawaomba vijana wa kipaimara wasogee waitazame nembo hiyo. Msalaba wa kale kabisa tulionao mjini humu ulikuja na alama ya mtawala mmoja. Sisi tuliopokea imani katika pwani hii tuna sababu zaidi ya wengine ya kuuchunga msalaba usifungwe bendera ya mtu yeyote.

Hili linawahusu wenye mimbari pia. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100, viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Mwaka 2021 Kanisa la Kianglikana lilipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likatangaza kuzirudisha fedha zilizotolewa na wanasiasa kanisani. Msimamo upo. Mchungaji au katekista anayemwambia muumini kwamba atapata laana au atanyimwa huduma za kiroho asipompigia fulani ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inataja madhara ya kiroho miongoni mwa vitisho vinavyokatazwa. Na anayepokea au kutoa hongo ya kura, iwe imeitwa sadaka au mchango wa paa, anakabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni 2, au kifungo cha hadi miaka 6, au vyote viwili.

Wengine wamelalamika kwamba wamejikuta wameandikishwa katika chama wasichokijua. Tatizo hili lilijulikana nchi nzima Juni 2021, wananchi walipoanza kukagua uanachama wao kupitia eCitizen. Utaratibu ni huu: ingia eCitizen kwa akaunti yako, fungua huduma za Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa, kagua hali yako. Ukikuta umo na hukuridhia, wasilisha malalamiko. Kama uliingia mwenyewe na unataka kutoka, andika notisi ya kujiuzulu kwa chama, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Msajili naye anapaswa kuarifiwa ndani ya siku 7. Huruhusiwi kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja. Na wakati ukisubiri, usimwite mwenzako msaliti kwa sababu umeona jina lake kwenye orodha. Huenda hata yeye hajui kwamba limo.

Kuhusu malalamiko ya majina ya kubandikwa, usifute ujumbe. Narudia: usifute, hata kama unaona aibu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya aliyetuma, tarehe na saa, na jina la kundi. Usiisambaze popote. Kama maneno yanagusa kabila au asili na yanachochea, nenda kituo cha polisi, andikisha, udai namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kisha utuletee namba hiyo tukusaidie kuifikisha kwa NCIC. Kama ni ugomvi wa ndugu kwa ndugu, tunafuata Mathayo 18. Kwanza mtazungumza wawili, faragha. Isipofaa, shahidi mmoja au wawili wataketi nanyi. Baada ya hapo ndipo suala linafika kwa wazee wa jumuiya. Hatutalipokea shauri lililoanzia hatua ya tatu, na hatutalisoma tangazo la mtu yeyote kanisani kabla ya hatua mbili za mwanzo kuandikwa kwenye fomu.

Mama wa mahamri alikuwa na haki ya kwenda kituoni. Tulimweleza hivyo, na tukamwandikia hatua zote kwenye karatasi. Ameikunja karatasi ile akaiweka kwenye pochi, akachagua kuanza na hatua ya kwanza. Yeye na msimamizi wa mwanawe wameshaketi mara moja, kwenye benchi nyuma ya ukumbi wa kanisa, kwa muda wa dakika 40 hivi. Wameomba tuwatengee ukumbi Jumamosi hii tena.

Fomu zipo dawatini na hazilipiwi. Ukikuta mlango umefungwa, mwachie mlinzi jina lako na namba ya simu, nasi tutakupigia.