Je, wajua kwa nini saa ya pendulamu iliyotoka London huchelewa ikifika Nairobi?

Chukua saa ya kale ya pendulamu (ule ufito unaobembea, wenye kisahani kizito mwishoni) iliyosafishwa vizuri, magurudumu yake yote yanazunguka bila kukwama, na huko London ilikwisha kurekebishwa hata haipotezi sekunde. Ilete Nairobi, itundike ukutani, itie ufunguo. Kesho yake itakuwa imechelewa sekunde 160 hivi, yaani zaidi kidogo ya dakika mbili na nusu. Ukiiweka sawa Jumatatu saa mbili asubuhi, Jumatatu itakayofuata itakuwa nyuma kwa karibu dakika 19. Na saa hiyo haina ubovu wowote.

Wengi wakiulizwa sababu husema saa imezeeka. Ndiyo maana watu hubeba saa za urithi hadi kwa fundi na kumwambia, “Fundi, hii saa ya babu imechoka, nitilie springi mpya.” Wengine huanzia nyumbani: hufungua mgongo wa saa na kupulizia mafuta ya bawaba za mlango. Mafuta hayo hushika vumbi, baada ya miezi huganda, na kuanzia hapo saa inakuwa na ugonjwa wa kweli ambao haikuja nao.

Dhana hii inafaa kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayoharibu saa nyingi nzuri. Katika saa ya pendulamu, springi haipimi muda. Kazi yake ni kusukuma magurudumu, nayo magurudumu huipa pendulamu kisukumo kidogo kila inapopita, ili msuguano usiisimamishe. Muda hupimwa na pendulamu yenyewe. Springi ikilegea, pendulamu hubembea kwa upana mdogo zaidi, na mwisho saa husimama. Ni kweli kwamba saa nyingi za springi hubadili mwendo kidogo kati ya siku ya kutiwa ufunguo na mwisho wa wiki, na baadhi hukimbia zikijazwa kisha hupungua. Hilo hutegemea umbo la kifaa kinachoachilia meno ya gurudumu, jino baada ya jino. Lakini badiliko hilo hupanda na kushuka ndani ya wiki. Uchafu nao huonekana kwa namna yake: leo dakika moja, kesho tatu, keshokutwa saa imesimama saa kumi alfajiri bila sababu.

Saa yetu ya London haifanyi hivyo. Inachelewa kiasi kilekile leo, kesho na mwezi ujao. Ukikuta uchelewaji wa aina hiyo, usiguse springi wala mafuta. Saa inahesabu kwa uaminifu kabisa. Kilichobadilika ni mahali inapohesabia.

Ili kuelewa, fikiria mtoto kwenye bembea iliyofungwa kwenye mwembe. Msukume mara moja, kisha mwache. Muda wa kwenda na kurudi hautegemei uzito wake: mpandishe kaka yake mnene, bembea itarudi kwa muda uleule. (Kwa hiyo kuongeza au kupunguza uzito wa pendulamu si dawa, ingawa wapo wanaojaribu.) Wala hautegemei sana nguvu ya msukumo, mradi usiwe mkubwa mno, kwa kuwa anayekwenda mbali zaidi hupita pia kwa kasi zaidi. Mambo mawili tu ndiyo yenye uzito hapa. La kwanza ni urefu wa kamba: kamba ndefu, bembea hurudi polepole. La pili ni nguvu ya kinachomvuta mtoto chini, yaani mvutano wa Dunia. Mvutano ukipungua, mtoto hurudishwa kwa unyonge zaidi, na kila mzunguko huchukua muda mrefu zaidi. Pendulamu nayo hucheleweshwa vivyo hivyo, na saa inayohesabu mizunguko yake hucheleweshwa nayo.

Shuleni tulifundishwa kwamba mvutano ni 9.8, au 10 ili hesabu iwe rahisi, na tukabaki na picha kwamba ni uleule kila mahali. Sivyo. London ni karibu mita 9.812 kwa sekunde kwa sekunde. Nairobi ni karibu 9.775. Tofauti haifiki hata nusu ya asilimia moja, lakini siku ina sekunde 86,400, na pendulamu haisahau hata moja.

Hapa huzuka dhana nyingine, nayo ina mashiko kiasi: kwamba sababu ni mwinuko, kwa kuwa Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko unachangia, lakini sehemu ndogo. Saa ile ile ikishushwa Mombasa kutoka melini, kabla haijapanda treni kuja bara, tayari inachelewa karibu sekunde 140 kwa siku. Safari ya kupanda hadi Nairobi huongeza sekunde 20 na kitu tu. Mzigo mkubwa ni wa ikweta. Dunia inazunguka, na mzunguko huo hupunguza uzito wa vitu, zaidi kwenye ikweta na sifuri kwenye ncha za kaskazini na kusini. Tena kwa sababu ya mzunguko huohuo Dunia imevimba katikati: aliye kwenye ikweta yuko mbali na kitovu chake kwa takriban kilomita 21 zaidi ya aliye kwenye ncha, na mvutano hupungua kadiri unavyokuwa mbali na kitovu. Jambo hili hunifurahisha kila nionapo saa kuukuu ukutani: umbo la sayari nzima linasomeka sebuleni, kwa dakika.

Historia yake ni fupi na nzuri. Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa ya pendulamu mwaka 1656. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alitumwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, kutazama nyota, naye akakuta saa yake iliyokuwa sawa Paris inachelewa karibu dakika mbili na nusu kwa siku. Baadhi ya wataalamu walidhani ni joto limerefusha chuma. Mwaka 1687 Isaac Newton akautumia ushahidi huo kuonyesha kwamba Dunia si tufe kamili.

Joto lenyewe si la kupuuzwa, ila ni dogo. Ufito wa chuma hurefuka joto likipanda, na nyuzi kumi za Selsiasi huchelewesha saa kwa takriban sekunde tano kwa siku. Kati ya baridi ya Julai na jua la Februari, saa ya Nairobi inaweza kupishana kwa sekunde chache. Hewa yetu nyepesi nayo huikimbiza saa kidogo sana, sekunde moja au mbili.

Marekebisho ni kuifupisha pendulamu. Chini ya kisahani kizito kuna nati. Ukiipandisha, kisahani hupanda na saa huongeza mwendo. Kwa saa ndefu ya kusimama, ambayo pendulamu yake hupiga kila sekunde, kisahani kinatakiwa kupanda pungufu kidogo ya milimita nne. Kwa saa ya ukutani yenye pendulamu ya sentimita 25 hivi, haifiki milimita moja. Shika kisahani kwa mkono mmoja unapozungusha nati, kwani utepe mwembamba unaoining'iniza pendulamu hupinda upesi. Kisha subiri siku nzima, linganisha na simu, ndipo urudie.

Kasha nalo lina sauti katika jambo hili. Seremala anayelikarabati aombwe miguu mipya iwe na kimo sawa. Kasha likiegemea upande mmoja, mlio hupoteza ulinganifu: tik huwa ndefu, tok fupi, na saa husimama. Kasha la saa ndefu lifungwe ukutani kwa skrubu. Lisipofungwa hutikisika pamoja na pendulamu, na vizito vinavyoiendesha saa ya namna hii badala ya springi, vikifika usawa wa kisahani, vinaweza kuanza kubembea pia na kuimeza nguvu yake. Saa ya namna hiyo husimama siku ileile kila wiki, na mwenye nyumba hushindwa kabisa kuelewa.

Ikiwa nati imefika mwisho wa hesi na saa bado inachelewa, huenda pendulamu si yake. Nyingi hupotea katika kuhamahama, zikabadilishwa kwa yoyote iliyopatikana. Kwa saa inayopiga kila sekunde, urefu kutoka mahali utepe unapopindia hadi karibu katikati ya kisahani ulikuwa sentimita 99.4 London; Nairobi unatakiwa uwe 99.0. Fundi mwenye rula na subira anaweza kutengeneza ufito mpya kwa kipimo hicho, na nati ikamalizia yaliyobaki.